Jeraha lisiloingia kwenye daftari la ajali

*Saiti za ujenzi zina sheria ya kofia, buti na majukwaa. Afya ya akili ya fundi na kibarua bado haijapata wa kuisimamia.*

Saa kumi na mbili asubuhi, nje ya uzio wa mabati wa jengo linaloinuka katikati ya mji, vibarua huwa wameshajipanga. Nyapara hutoka, huwatazama, huchagua kwa kidole. Waliochaguliwa huingia kubadili nguo. Waliobaki hungoja kidogo, huenda zege la leo likataka watu zaidi, kisha hutawanyika kujaribu saiti nyingine. Ndivyo ilivyo Dar es Salaam na Mwanza, ndivyo ilivyo Mombasa na Nairobi. Kwa aliyeacha watoto nyumbani bila hela ya unga, siku ya kazi huanza katika dakika hizo za kungoja, kabla hajagusa koleo.

Ndani ya uzio, mwili wake una sheria zake. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA. Kenya ina yake ya mwaka 2007. Kofia ngumu, buti, mikanda ya kazi za juu na sanduku la huduma ya kwanza hukaguliwa. Msumari ukimchoma mguuni, tukio lina mahali pa kuandikwa, na akiumia zaidi kuna utaratibu wa fidia.

Fundi ambaye hajalala vizuri kwa wiki kadhaa kwa sababu ya madeni, ambaye ameanza kunywa kabla ya kuja kazini, na leo anapanda ghorofa ya tisa akiwa haoni sababu ya kuendelea kuishi, hana safu yake kwenye daftari la ajali. Wenzake wanajua kwamba hayuko sawa. Utaratibu wa usalama wa saiti humfikia akishaanguka.

Vifo vinavyozidi vya ajali

Nchi zinazoandika kazi ya marehemu katika kumbukumbu za vifo zimeweza kuupima ukubwa wa tatizo. Nchini Marekani, takwimu za mwaka 2021 zilizochapishwa na kituo cha kudhibiti magonjwa, CDC, zinaonyesha kwamba wanaume wa sekta ya ujenzi walijiua kwa kiwango cha 56 kwa kila watu 100,000. Kwa wafanyakazi wanaume wote kiwango kilikuwa takriban 32. Ajali za kazini katika sekta hiyohiyo huua takriban watu 10 kwa kila wafanyakazi 100,000 kwa mwaka. Ukijumlisha kuanguka, kupigwa na umeme, kufukiwa na kugongwa na mitambo, bado kujiua kunachukua wajenzi wengi zaidi.

Uingereza ilifika kwenye jibu linalofanana. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ilichambua vifo vya England vya mwaka 2011 hadi 2015 na kukuta kwamba vibarua wa kiume wa ujenzi walikuwa na hatari ya kujiua zaidi ya mara tatu ya wastani wa wanaume wote. Kwa wapiga plasta na wapaka rangi, hatari ilikuwa zaidi ya mara mbili. Tofauti kati ya makundi hayo mawili inastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu wanafanya kazi chini ya paa moja, kwenye vumbi moja. Kinachowatenganisha ni ujuzi, ujira na uhakika wa kazi ya kesho.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba watu wapatao 727,000 walijiua duniani mwaka 2021, na karibu robo tatu yao walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Afrika Mashariki imo katika kundi hilo, na saiti zake zina tofauti hizo hizo za ujira na uhakika wa kazi, pamoja na ajira ya kutwa isiyo na karatasi.

> Kadiri mtu alivyo chini kwenye ngazi za saiti, ndivyo hatari inavyomwelemea.

Pesa hupita mikono mingi

Maelezo yanayozoeleka ni kwamba ujenzi ni kazi ya wanaume, na wanaume hawasemi yanayowasibu. Yana ukweli ndani yake, lakini yanamwachia mgonjwa lawama yote. Chanzo kikubwa kiko katika namna kazi yenyewe inavyopangwa na kulipwa.

Mwenye mradi humlipa mkandarasi mkuu. Mkandarasi mkuu humlipa mkandarasi mdogo, wa umeme, wa mabomba, wa plasta. Huyu humkabidhi kazi fundi mkuu, mara nyingi kwa makubaliano ya mdomo, na fundi mkuu ndiye anayekwenda kuwatafuta mafundi wenzake na saidia fundi. Malipo yakichelewa juu, ucheleweshaji hushuka hatua kwa hatua na kuongezeka uzito kila unapofika. Makandarasi wa Tanzania wamelalamika kwa miaka mingi kwamba taasisi za umma huchelewa kuwalipa, na malalamiko yao ni ya haki. Lakini kampuni inaweza kwenda benki. Kibarua ana mama lishe anayemwandikia chakula kwenye daftari, mwenye nyumba anayebisha hodi, na mzazi kijijini anayengoja muamala kwenye simu.

Anayesahaulika zaidi katika mlolongo huu ni fundi mkuu. Watu aliowaleta ni ndugu, majirani, vijana aliowafundisha kazi mwenyewe. Amewapa ahadi kwa mdomo wake. Jumamosi ya malipo ikipita bila hela, hawamwendei mkandarasi wasiyemjua. Wanamfuata yeye, saiti na hata nyumbani. Ana majukumu ya mwajiri bila akaunti ya mwajiri. Huanza kuzima simu, kisha kuepuka kijiwe chake, kisha kukopa ili awatulize wawili watatu. Mtu wa namna hii haonekani mgonjwa kwa yeyote. Huonekana tapeli, na kuitwa hivyo mbele ya watoto wake ni pigo ambalo wengi hawalimudu.

Sheria zipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki na saa tisa kwa siku, na inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi kwa maandishi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inasema kibarua wa kutwa akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja hahesabiwi tena kuwa wa kutwa. Haki hizo humfaa mtu ambaye jina lake limeandikwa mahali fulani. Aliyechaguliwa kwa kidole asubuhi na kulipwa taslimu jioni hana pa kuanzia kuzidai.

Masika huongeza shida. Mvua ikinyesha siku nne, kazi za nje husimama, na pamoja nazo mapato. Kodi ya chumba haisimami.

Maumivu, kambi na kifusi

Mgongo wa mtu anayebeba mifuko ya saruji ya kilo 50 huanza kuuma mapema, na asiyelipwa akipumzika hapumziki. Hununua vidonge vya maumivu, au hunywa. Jimbo la Massachusetts nchini Marekani lilichunguza vifo vya mwaka 2011 hadi 2015 vilivyotokana na dawa kali za maumivu na mihadarati ya jamii hiyo, likakuta wafanyakazi wa ujenzi na uchimbaji wakifa kwa kiwango cha mara sita ya wastani wa wafanyakazi wote. Katika saiti za kwetu kinywaji ndicho kilicho karibu zaidi. Tanzania ilipiga marufuku pombe za viroba kuanzia tarehe 1 Machi 2017, na hatua hiyo ilisaidia kuondoa pombe kali iliyokuwa ikiingia mfukoni mwa ovaroli. Haikuondoa maumivu ya mgongo wala usiku wa kukosa usingizi.

Miradi mikubwa ina mzigo wa aina nyingine. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, reli ya kisasa na bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, ni kazi za mbali na miji, nyingine katika pori kabisa. Mradi wa namna hiyo huwa na kambi, zahanati na mshahara wa mwezi. Lakini miezi hupita bila mtu kulala kwake. Mtoto anaugua, ndoa inayumba, mzazi anafariki, na habari zote hufika kwa simu katikati ya zamu.

Kisha kuna yale ambayo macho yameona. Jengo la Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lilianguka tarehe 29 Machi 2013 na kuua watu 36. Huruma, Nairobi, jengo lilianguka Aprili 2016 na kuua watu wapatao 50. Kariakoo ilifuata Novemba 2024. Katika maafa ya namna hii, mafundi na vibarua huwa miongoni mwa wa kwanza kuchimba kwa mikono kutafuta wenzao, kisha hurejea kwenye majengo mengine, wengine siku chache baadaye. Shirika la Kazi Duniani, ILO, liliingiza matatizo ya akili yatokanayo na tukio la kutisha katika orodha yake ya magonjwa ya kazini iliyorekebishwa mwaka 2010. Aliyemtoa mwenzake chini ya nondo na sasa anashtuka kila winchi inapolia ameumia kazini, kama aliyevunjika mguu.

Wanawake wa saiti, wanaochota maji, kubeba kokoto na kupika, hukutana na jambo la ziada: kazi inayotolewa kwa masharti ya mwili. Hofu ya nyapara mmoja inatosha kuharibu usingizi wa mwaka mzima.

Nani abebe gharama?

Hapa pande zinaachana. Mkandarasi anasema zabuni hupewa mwenye bei ya chini, na akiweka gharama ya mshauri nasaha atashindwa na asiyeweka. Anasema pia kwamba kibarua yuko naye kwa wiki tatu tu, hajui alikotoka wala anakokwenda. Tena ana swali gumu ambalo halipaswi kupuuzwa: mtu akikiri kwamba amekata tamaa, mkandarasi anaweza kumrudisha juu ya jukwaa?

Mfanyakazi ana hofu iliyo upande wa pili wa swali hilo. Akikiri, kesho kidole cha nyapara kitamruka. Kwa hiyo hunyamaza. Kunyamaza kwake hakutokani na ujinga. Ni hesabu sahihi ya mtu anayelipwa kwa siku.

Vyama vya wafanyakazi, kama TAMICO kwa upande wa Tanzania, hujenga hoja juu ya mikataba na ujira. Waajiri wenye nia njema huelekea kwenye semina, mabango na siku moja ya uhamasishaji. Mwongozo wa WHO kuhusu afya ya akili kazini, uliotolewa Septemba 2022, hauruhusu upande wowote kuridhika. Unataka mpangilio wa kazi ubadilishwe pale unapoumiza, wasimamizi wafundishwe, wafanyakazi wafundishwe, na aliyeumwa asaidiwe kubaki au kurejea kazini. Semina kwa watu ambao hawajalipwa miezi miwili ni dhuluma iliyoongezwa juu ya dhuluma. Na mshahara unaolipwa kwa wakati, peke yake, hautamponya mwenye sonona.

> Kunyamaza kwake hakutokani na ujinga. Ni hesabu sahihi ya mtu anayelipwa kwa siku.

Fundi kumsikiliza fundi

Mfano uliotazamwa zaidi duniani unatoka Queensland, Australia. Mwaka 2006 watafiti walitoa ripoti iliyoonyesha kwamba wajenzi wa jimbo hilo, hasa vijana, walikuwa wakijiua kupita wastani. Mwaka 2008 waajiri na vyama vya wafanyakazi, ambao kwa kawaida hukutana kwa mabishano, walianzisha kwa pamoja mpango wa MATES in Construction. New Zealand iliufuata baadaye.

Mpango huo una ngazi tatu. Kwanza, karibu kila mtu wa saiti hupata somo la takriban saa moja: dalili ni zipi, mwenzako aulizwe vipi, apelekwe kwa nani. Pili, baadhi hujitolea kuwa waunganishi. Hufundishwa kwa saa chache namna ya kukaa na mwenye matatizo na kumfikisha kwenye msaada akiwa salama, na huvaa alama kwenye kofia ngumu ili watambulike. Tatu, wachache zaidi hufundishwa kwa siku mbili kumhudumia mtu aliye katika hatari ya kujiua. Nyuma yao wapo wataalamu wanaopokea kesi.

Nguvu ya mpango iko katika anayesikiliza. Fundi hamwambii mgeni mwenye shati la kupiga pasi kwamba anawaza kufa. Huenda akamwambia mpiga nondo wa ghorofa ile ile. Tathmini zimeonyesha kwamba waliofundishwa huelewa zaidi na huwa tayari zaidi kuomba na kutoa msaada. Kiasi cha vifo kilichozuiwa ni jambo ambalo watafiti bado wanalijadili. Queensland haikuishia kwenye hiari: tangu tarehe 1 Aprili 2023 kanuni zake zinamlazimu mwajiri kushughulikia hatari za kisaikolojia kama anavyoshughulikia hatari ya kuanguka.

Jambo la kutegemea watu wa kawaida waliofundishwa halihitaji utajiri wa Australia. Zimbabwe ilianzisha Benchi la Urafiki mwaka 2006 chini ya daktari wa akili Dixon Chibanda, ambapo bibi wa mtaani hufundishwa kumsikiliza mgonjwa na kumsaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliohudumiwa walipungukiwa na dalili kuliko waliopata huduma ya kawaida. Katika saiti ya Afrika Mashariki, mtu wa kufundishwa anaweza kuwa fundi mzoefu anayeheshimiwa, na anaweza pia kuwa mama lishe. Yeye humwona kila mmoja saa saba mchana na hujua nani ameacha kula.

Sheria inayofunga midomo

Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinafanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Nchini Kenya kifungu cha 226 kilisema hivyo hivyo, hadi Mahakama Kuu ilipotamka Januari 2025 kwamba kinakiuka Katiba. Uamuzi wa Kenya ndio sahihi. Madhara ya kifungu kama hicho saitini ni ya moja kwa moja: msimamizi anayegundua kwamba fundi wake amejaribu kujiua hufikiria polisi kabla ya hospitali, na fundi mwenyewe, akijua hivyo, huficha. Viongozi wa dini wana haki ya kufundisha kwamba uhai ni amana. Mafundisho hayo hayahitaji mahabusu ili yaeleweke.

Kinachoweza kufanyika wiki hii

Saiti nyingi kubwa huanza siku kwa kikao kifupi cha usalama. Dakika tano za kikao hicho, mara moja kwa wiki, zinatosha kuzungumzia usingizi, madeni na pombe kwa lugha ya kawaida. Ni lazima anayezungumza awe mtu anayeheshimika kazini, na asiwe yule yule anayewatukana watu mchana.

Dalili zinajulikana na mafundi wenyewe: aliyekuwa mcheshi amekaa kimya, mwenye mkono wa uhakika anarudia ukuta mara tatu, mtu anakuja ananuka pombe asubuhi, mwingine anasema watoto wake wangekuwa afadhali bila yeye. Fundi anayeanza kugawa vifaa vyake, mwiko wake, timazi yake, pima maji aliyoinunua kwa taabu, anahitaji kuulizwa siku hiyo hiyo. Aulizwe wazi kama anafikiria kujiua. Utafiti umeonyesha kwamba swali hilo halimpandikizii mtu wazo. Mara nyingi humfungulia njia ya kusema.

Akijibu ndiyo, hapandi juu siku hiyo na haachwi peke yake. Anapewa kazi ya chini bila kupunguziwa ujira, na mtu anayemwamini anamsindikiza kwenye kituo cha afya. Tanzania ina namba ya bure ya Wizara ya Afya, 199. Kenya, Msalaba Mwekundu hupokea simu za ushauri kwa namba 1199, nayo ni bure. Kusema "jikaze" hakumo katika hatua hizi.

Baada ya ajali ya kifo, kazi isimame, walioshuhudia waonane na mshauri, na asiyeweza kurudi mahali pale asilazimishwe. Hayo yote yanamhusu pia fundi mkuu, ambaye kwa kawaida ndiye anayetakiwa kuwafariji wengine.

Kifungu kimoja katika mkataba

Hoja ya mkandarasi kuhusu zabuni ina jibu, na sekta ya ujenzi yenyewe ilishalitumia. UKIMWI ulipokuwa ukimaliza wafanyakazi wa barabara na kambi, benki za maendeleo na shirikisho la wahandisi washauri, FIDIC, ziliweka katika mikataba yao sharti la mkandarasi kuendesha elimu na kinga dhidi ya maambukizi kwa wafanyakazi na jamii iliyo jirani na saiti. Kwa kuwa kila mzabuni alibanwa na sharti lile lile, hakuna aliyeshindwa kwa kulitimiza. Gharama iliwekwa kwenye jedwali la kazi pamoja na kokoto na lami. Leo elimu ya UKIMWI ni sehemu ya kawaida ya miradi hiyo ya barabara.

Afya ya akili inaweza kuingia kwa mlango huo huo. Kifungu hicho kitaje mambo manne: waunganishi waliofundishwa kwa idadi inayolingana na wafanyakazi, makubaliano na kituo cha afya kilicho karibu, utaratibu wa baada ya ajali, na uthibitisho kwamba kila kibarua, hata wa mkandarasi mdogo, ameandikishwa na amelipwa kabla mkandarasi mkuu hajaidhinishiwa malipo yanayofuata. La nne ndilo litakalopingwa zaidi, na ndilo lisiloachika.

Serikali za Tanzania na Kenya ndizo wateja wakubwa wa ujenzi katika nchi zao. Hazihitaji kusubiri sheria mpya kutoka bungeni ili ziandike sharti hilo katika zabuni ijayo ya barabara, shule au hospitali. Na zikiliandika, zilipe na zenyewe kwa wakati.